Mikoa ya Kuba: Mgawanyo wa Nchi na Tatizo la Istilahi

1. Utangulizi

Neno la Kihispania «provincia» halimsumbui Mhispania. Likiletwa katika Kiswahili, matatizo huanza. Mfasiri wa Lubumbashi ataandika «jimbo» bila kusita. Mwenzake wa Dar es Salaam ataandika «mkoa». Naye wa Nairobi atajiuliza kwanza ni wa zama zipi, kwa kuwa nchini mwake maneno yote mawili yamepata kutumika, kila moja kwa maana yake. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi nchi ya Kuba inavyogawanywa kiutawala, kisha kuonyesha ni neno lipi linalofaa kuutaja mgawanyo huo. Tunasema Kuba kwa maana ya kisiwa cha Bahari ya Karibi. Wasomaji wetu wa Kasai wasidhani tunazungumzia ufalme wa Wakuba.

Kwa sasa tutatumia «mkoa» kwa «provincia» na «wilaya» kwa «municipio». Sababu zake zitaelezwa katika sehemu ya tano.

2. Mikoa sita ya mwaka 1878

Kuba ni kisiwa chembamba na kirefu, kiasi cha kilomita 1,200 toka magharibi hadi mashariki. Umbo hilo ndilo lililoamua sura ya mgawanyo wake wa kale: Wahispania walikikata kisiwa kama mtu akatavyo muwa, pingili kwa pingili. Mwaka 1878, mara baada ya vita vya miaka kumi vya kudai uhuru kumalizika, serikali ya Madrid iliweka mikoa sita. Kwa kufuata mwelekeo wa magharibi kwenda mashariki, ilikuwa Pinar del Río, La Habana, Matanzas, Santa Clara, Puerto Príncipe na Santiago de Cuba.

Utawala wa Hispania uliondoka, jamhuri ikaja mwaka 1902, lakini mikoa ilibaki ile ile sita. Kilichobadilika ni majina ya mitatu kati yake: Puerto Príncipe ukawa Camagüey, Santiago de Cuba ukawa Oriente, na Santa Clara ukaja kuitwa Las Villas. Hata mapinduzi ya mwaka 1959 hayakuigusa mipaka hiyo mara moja. Yaani mgawanyo uliowekwa na mkoloni uliishi takriban karne nzima.

Wakongomani wana sababu ya kuikumbuka mikoa hiyo ya kale. Mwezi wa Aprili 1965 kikundi cha wapiganaji wa Kuba kilivuka ziwa Tanganyika toka Kigoma na kuingia upande wa Fizi. Viongozi wao walipewa majina ya siri kwa hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, na Ernesto Guevara aliitwa Tatu. Dreke alizaliwa Sagua la Grande, katika mkoa wa Las Villas. Anayeutafuta mkoa huo katika ramani ya leo hataupata; Sagua la Grande sasa imo katika mkoa wa Villa Clara. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia asomaye habari za mwaka 1965 hana budi kujua ni ramani ipi anayoishika mkononi.

3. Mageuzi ya mwaka 1976

Hadi mwaka 1976 kulikuwa na ngazi tatu chini ya serikali kuu: mkoa, kanda na wilaya. Mikoa ilikuwa michache na mikubwa mno. Wilaya zilikuwa nyingi na ndogo mno. Ndiyo maana kanda ziliwekwa katikati ili kuziba pengo. Lakini kila ngazi inayoongezwa huongeza ofisi, na kila ofisi huchelewesha barua.

Mwaka 1976 Kuba ilipata katiba mpya, na mwaka huo huo ramani ikachorwa upya. Kanda zilifutwa. Mikoa iliongezwa toka 6 hadi 14, na wilaya zikapunguzwa hadi 169. Kwa maneno mengine, ngazi ya juu ilishushwa na ya chini ikainuliwa, zikakutana bila kuhitaji daraja la katikati.

Mikoa ya kale iligawanywa hivi, tukiacha marekebisho madogo ya mipaka:

a) Pinar del Río na Matanzas ilibaki kila mmoja peke yake.
b) La Habana ulitoa miwili: mji mkuu wenyewe, ulioitwa Ciudad de La Habana, na mkoa wa mashamba uliouzunguka, ambao ulibaki na jina la La Habana.
c) Las Villas ulitoa mitatu: Villa Clara, Cienfuegos na Sancti Spíritus.
d) Camagüey ulitoa miwili: Camagüey na Ciego de Ávila.
e) Oriente, uliokuwa na watu wengi kuliko yote, ulitoa mitano: Las Tunas, Holguín, Granma, Santiago de Cuba na Guantánamo.

Kisiwa kidogo cha kusini, Isla de Pinos, hakikuwekwa chini ya mkoa wowote. Kilifanywa wilaya maalumu inayotazamwa na serikali kuu moja kwa moja. Mwaka 1978 kilibadilishwa jina kikaitwa Isla de la Juventud, yaani Kisiwa cha Vijana. Huko ndiko walikosomeshwa maelfu ya vijana wa Kiafrika, wakiwemo wa Angola, Msumbiji na Namibia.

Katika majina ya mikoa mipya, Granma linastahili maelezo. Si jina la mji wala la mto. Ni jina la mashua iliyomleta Fidel Castro na wenzake toka Meksiko, watu 82 kwa jumla, iliyotia nanga katika pwani ya mkoa huo mwezi wa Desemba 1956. Makao makuu ya mkoa ni Bayamo.

4. Toka mwaka 2011 hadi leo

Mgawanyo wa 1976 ulikuwa na kasoro moja iliyoonekana wazi. Mkoa wa La Habana uliuzunguka mji mkuu, lakini haukuwa na mji mkuu wake wenyewe: ofisi zake zilikuwa mjini Havana, nje ya mipaka yake. Mkulima wa mkoa huo alitawaliwa toka mahali ambapo si pa mkoa wake.

Mwezi wa Agosti 2010 Bunge la Taifa lilipitisha sheria ya kuurekebisha mgawanyo, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2011. Mkoa wa La Habana ulikatwa sehemu mbili. Wilaya 8 za magharibi ziliunganishwa na 3 zilizotoka Pinar del Río, zikawa mkoa wa Artemisa wenye wilaya 11. Wilaya 11 za mashariki zikawa mkoa wa Mayabeque, ambao makao yake ni San José de las Lajas. Mji mkuu nao ukarudishiwa jina lake fupi, La Habana. Aidha, wilaya ya Varadero katika mkoa wa Matanzas ilifutwa. Hivyo leo Kuba ina mikoa 15 na wilaya 168, Isla de la Juventud ikiwemo katika hesabu hii ya mwisho.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuwa ya mipaka bali ya mamlaka. Tangu 1976 kila mkoa ulikuwa na bunge lake. Katiba iliyopigiwa kura ya maoni mwezi wa Februari 2019 ililiondoa. Sasa mkoa unaongozwa na gavana, ambaye hupendekezwa na Rais wa Jamhuri na kuchaguliwa na wajumbe wa mabaraza ya wilaya za mkoa ule, kwa muda wa miaka mitano. Magavana wa kwanza walichaguliwa Januari 2020. Gavana husaidiwa na Baraza la Mkoa, ambalo wajumbe wake ni makamu wake pamoja na viongozi wa wilaya. Katiba hiyo inautaja mkoa kuwa ni ngazi ya kati baina ya serikali kuu na wilaya. Wilaya, kinyume chake, inatajwa kuwa na uhuru wa kujiendesha, na ndiyo yenye baraza linalochaguliwa na wananchi.

5. Jimbo au mkoa?

Turudi sasa katika swali letu. Nchini Kongo, katiba ya mwaka 2006 iliandika kwamba kutakuwa na majimbo 26, Kinshasa ikihesabiwa; mgawanyo wenyewe ulitekelezwa mwaka 2015, na Katanga yetu ikawa majimbo manne. Kila jimbo lina bunge lake, nalo ndilo linalomchagua gavana. Nchini Kenya, «majimbo» ni jina la siasa ya kugawana madaraka, siasa iliyozua ubishi mkali tangu 1963. Nchini Tanzania, jimbo ni eneo la uchaguzi wa mbunge.

Kwa hiyo tukisema «majimbo ya Kuba», msomaji wa Lubumbashi ataona bunge ambalo halipo tena, wa Nairobi ataona shirikisho ambalo halijapata kuwapo, na wa Dodoma atahesabu wabunge. Neno «mkoa» lina dosari pia, kwani mkuu wa mkoa wa Tanzania huteuliwa, ilhali gavana wa Kuba hupigiwa kura baada ya kupendekezwa. Hata hivyo linalinda jambo la msingi: kwamba hii ni sehemu ya dola moja, si dola ndogo ndani ya dola. Vivyo hivyo «manispaa» haifai kwa «municipio», kwa sababu humfanya msomaji afikirie mji, na wilaya nyingi za Kuba zina miwa na malisho kuliko barabara za lami.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba Kuba ilibadilisha ramani yake mara mbili tangu 1976, na kwamba jina «provincia» lilibaki lile lile huku mamlaka yake yakibadilika. Mwanafunzi anayetafsiri asiishie katika kamusi. Aulize kwanza: ni nani anayemchagua kiongozi wa mahali hapo, na ni nani awezaye kumwondoa? Akilipata jibu la maswali hayo mawili, neno la Kiswahili litakuja lenyewe. Asipolipata, atawapa wasomaji wake nchi ambayo haipo.