Mzazi, wakijua kifo cha Nuka?

Mwambie mtoto akutajie kifo kimoja katika sinema za katuni, na huenda akakutajia kile cha Mufasa katika The Lion King ya mwaka 1994. Wazazi wengi wanakijua na hujiandaa. Wengine humsogelea mtoto, wengine ghafla hukumbuka chai iliyo jikoni. Lakini je, wakijua kifo cha Nuka?

Nuka yumo katika sehemu ya pili, The Lion King II: Simba's Pride, iliyotolewa mwaka 1998. Huko Marekani haikupitia majumba ya sinema. Ilitiwa moja kwa moja kwenye kanda za video ili itazamwe nyumbani, na labda ndiyo sababu wazazi huidhania hadithi nyepesi ya kuwanyamazisha watoto chakula kikipikwa. Si nyepesi.

Simba sasa ni mfalme na ana binti, Kiara. Wafuasi wa Scar, yule ami yake muuaji, amewafukuzia nchi kame. Huko jike aitwaye Zira anamlea mwanawe Kovu kwa nia moja: aje amuue Simba. Kiara na Kovu wanakutana wangali wadogo na kupendana ukubwani. Ukihisi umemsikia Shakespeare na Romeo wake humo, hujakosea.

Hapa mtoto wa Nairobi ana bahati asiyo nayo yule wa Chicago. Scar kwa Kiswahili ni kovu, basi mwanasimba huyo anapotajwa tu, mtoto wako amekwisha kujua alichorithishwa. Kuzira ni kususa kwa hasira. Dadake Kovu, Vitani, hahitaji maelezo. Na Nuka, naam, watoto huangua kicheko kila anapoitwa.

Kicheko hicho ndicho kinacholifanya pigo liwe kali. Nuka ni mwana mkubwa wa Zira, lakini macho ya mama yote yako kwa Kovu. Siku ya kumvizia Simba, Nuka anamfuata juu ya lundo la magogo ili mamake amwone. Magogo yanaporomoka na kumfunika. Mama anapomfikia, mwana anafurahi kwamba hatimaye ametazamwa, kisha anakata roho. Punde si punde Zira anamrarua Kovu usoni kwa kucha, naye anabaki na alama kama ya Scar.

Mtoto wa miaka minne ataogopa magogo. Ukimshika mkono, atasahau upesi kuliko unavyodhani. Wa miaka tisa ndiye wa kuangaliwa. Huyo anaelewa kwamba mama anaweza kumpendelea mtoto mmoja, na kama ana ndugu anayesifiwa kila siku kwa alama za mtihani, atanyamaza kimya. Simamisha picha kidogo. Muulize yeye angemwambia nini Nuka.

Kwangu mimi, sehemu hiyo ni bora kuliko mapenzi ya Kiara na Kovu, na singeikata. Ninacholaumu ni mwisho. Zira anaukataa msaada wa Kiara na kutumbukia mtoni, kisha mara moja ni upatanisho na nyimbo. Nuka hatajwi. Vitani, aliyepoteza kaka na mama, hapewi nafasi ya kulia. Mtoto akikuuliza Vitani atalala kwa nani usiku huo, sinema imekwisha, na jibu itakubidi ulitafute wewe.