Mahindi Mabichi Katika Kaya za Didia

Mahindi yaliyopandwa Didia, wilayani Shinyanga, kwa mvua za mwanzo wa msimu huanza kuliwa mabichi kati ya Februari na Machi. Ni majira ya njaa: akiba ya mwaka uliopita inakaribia kwisha na mavuno makavu bado yako mbali. Ndiyo maana hindi la kuchemsha hapa ni mlo wa kuvushia siku, si kitafunio tu. Zamani Wasukuma wa eneo hili walitegemea zaidi mtama na uwele, nafaka zinazostahimili ukame kuliko mahindi. Lakini mahindi, yenye asili ya bara la Amerika, yana ganda, na kwelea kwelea wanaoweza kufyeka shamba la mtama hupata taabu kulifungua.

Hindi lililo tayari kuliwa bichi hujulikana kwa ndevu: zimekauka na kuwa kahawia, huku ganda likiwa bado la kijani. Mwenye shaka hupasua ganda kidogo, akabonyeza punje kwa ukucha. Yakitoka maji maangavu, hindi ni changa. Yakitoka meupe na mazito, limefaa. Isipotoa kitu, limeshakomaa, afadhali liachwe likauke. Huvunjwa karibu na saa ya kupika, kwa kuwa sukari yake huanza kugeuka wanga mara litokapo kwenye bua. La jana halina utamu wa la leo.

Kwa kuchemsha, maganda ya nje hubanduliwa, mawili matatu ya ndani yakaachwa. Yale yaliyobanduliwa hutandikwa chini ndani ya sufuria na mengine kufunika juu, ili mvuke usipotee. Hilo si jambo dogo mahali ambapo kuni ni adimu na moto wa mafiga huwashwa mara nyingi kwa miti ya pamba iliyokaushwa. Chumvi, kwa wanaoitaka, hutiwa mwishoni.

Kuchoma kuna watu wake. Watoto wachungaji huchoma huko huko malishoni. Jioni, kwa desturi ya zamani, wanaume na wavulana huchoma kwenye shikome, yaani moto wa nje wanakoota, kula na kusimuliana habari. Hindi hugeuzwa pole pole juu ya makaa, kamwe si juu ya ndimi za moto, zinazounguza punje na kuacha ndani bichi.

Yote haya hufanywa kwa kipimo. Kila hindi bichi linaloliwa limepungua ghalani, hivyo wanaoangalia mbele hutenga sehemu ya shamba ya kulia mabichi na kuiacha nyingine ikauke. Wateja wa karibu na migodi ya Kahama wameongeza kishawishi cha kuyauza mabichi, maana hindi la kuchemsha huleta fedha siku hiyo hiyo. Yanayobaki sufuriani hupukuchuliwa asubuhi na kupikwa na maharage au kunde. Maganda hupewa ng'ombe, na magunzi yakikauka huwa kuni.