Boda anayepeleka mzigo wako alijifunzia wapi?

Sisi tunaouza mtandaoni tukimpigia boda tunauliza bei na atafika saa ngapi. Nani anauliza alijifunzia wapi kuendesha?

Mimi niko Dumila. Mzigo unashushwa na basi kutoka Dar, boda wangu anausambaza: Magole, Rudewa, Kilosa mjini, hadi Turiani. Akienda Turiani lazima apite barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, malori na mabasi usiku na mchana.

Madereva wengi wamefundishwa na rafiki uwanjani, siku mbili tatu: klachi hii, gia hii, haya nenda. Kuondoka anajua. Kusimama hakufundishwa, na kazi yenyewe iko hapo.

Iko hivi. Ukishika breki, uzito unakimbilia mbele. Tairi la mbele linakandamiza barabara, la nyuma linabaki jepesi. Kwa hiyo breki ya mbele ndo inayosimamisha pikipiki zaidi, ila ndo hiyo wengi wanaiogopa, wanategemea ya mguu peke yake. Akiikanyaga ghafla tairi la nyuma linajifunga na pikipiki inateleza, hasa kwenye vumbi au mvua. Aliyefundishwa anatumia zote mbili, ya mbele anaibana kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo. Tena kwenye spidi ya 60, sekunde moja ya kushtuka tu ni zaidi ya mita 16 kabla hata hajagusa breki.

Sasa weka na boksi lako. Mzigo mzito ukikaa mwisho wa keria, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba. Hapa kosa ni la muuzaji, sio la boda. Kizito kikae chini na karibu na mgongo wa dereva, kifungwe mipira miwili, na usimning'inizie mfuko kwenye usukani eti ni mdogo.

Leseni nayo iangalie. Utakuta mtu ana daraja D, anakwambia leseni ninayo. D ni ya gari, pikipiki haimo. Pikipiki ya zaidi ya cc 125, kama hizi za 150 zilizojaa vijiweni, inataka daraja A. Ndogo zaidi ni A1. Njia yake ni lena kwanza, halafu chuo, halafu majaribio ya polisi, mwisho TRA wanatoa leseni. Kwa sisi wa Morogoro, VETA Kihonda wanajulikana siku nyingi kwa udereva, kaulizeni pale.

Boda wangu ana mtoto wa miaka miwili na alikuwa hana hela ya chuo. Nikatoa nusu ya ada kama mkopo, tukawa tunakata 1,000 kwenye kila safari mpaka ikaisha. Wengine walinicheka, eti atasoma akukimbie. Akikimbia na leseni yake, sawa tu. Kampala wenzetu wa SafeBoda walianza 2014 kwa kuwafundisha madereva kwanza na kuwapa kofia ngumu, ndo wateja wakaanza kuwaita kwa jina la kampuni.

Kofia yenyewe ifungwe mkanda. Tafiti zilizokusanywa toka nchi mbalimbali zinaonyesha inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali kwa karibu asilimia 42. Ikining'inia kwenye kioo haipunguzi chochote.

Lakini msidhani hii haina gharama. Toka amerudi chuo, Turiani usiku haendi. Mteja mmoja alighairi oda ya viatu kwa sababu hiyo, nikamrudishia hela yake yote. Sasa kwenye tangazo naandika kabisa: oda za Turiani zinatoka asubuhi.

Na ukitaka kumpima boda mpya, usimwambie akimbize. Chora mstari mbele ya duka, mwambie aje polepole kama mtu anayetembea, asiweke mguu chini, asimame kwenye mstari kwa breki zote mbili. Kukimbiza kila mtu anaweza. Akija anachapa miguu chini kama bata, mzigo wako mpe mwingine kwanza.