Utangulizi: Fukusi na Miti ya Bustani

Bustani za Raskazone, Tanga, hazikosi mnazi, mkorosho wa zamani, na migomba nyuma ya jiko. Mwenye bustani akiona tundu shinani hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa. Ningependa asubiri kidogo, kwani somo hili huanza kwa kuuliza nani ametoboa.

Fukusi hutambulika kwa mdomo mrefu uliochomoza mbele ya macho. Mharibifu hasa ni buu wake: mweupe, hana miguu, kichwa cha kahawia, anakula ndani kwa ndani. Dawa inayopulizwa majanini haimfikii.

Tuanze na fukusi wa mkorosho, Mecocorynus loripes. Jike hutoboa gome na kutaga humo. Baadaye utomvu mweusi uliochanganyika na unga wa mti huanza kutiririka shinani. Bandua gome hapo kwa kisu, uwatoe mabuu na kuwaua. Mkorosho ulioliwa mno hauna budi kukatwa, lakini okota kwanza fukusi wazima, la sivyo watahamia mti wa pili. Gogo lichomwe mapema. Likilazwa uani, mabuu watakomaa humo humo.

Kwenye mnazi watu humlaumu chonga, na hawakosei, ingawa yeye si fukusi: ana pembe, na mdudu mzima ndiye anayetafuna kilele, hata makuti yakichanua huonekana yamekatwa pembetatu. Huzaliana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi, na kileleni hutolewa kwa waya wa ndoana. Kidonda anachoacha ndicho mlango wa fukusi wa minazi, Rhynchophorus phoenicis, ambaye mabuu wake huweza kuuua mti. Kwa hiyo kwenye mnazi mimi hufundisha kuhusu chonga kwanza, kabla ya fukusi huyo.

Fukusi wa mgomba ni rahisi kumtega. Pasua kipande cha shina la mgomba, kilaze kifudifudi kando ya shina jioni, kigeuze asubuhi uwaokote fukusi.

Wadudu hawa husafiri na mimea. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alileta mkonge pwani hii mwaka 1893, na fukusi wake, Scyphophorus acupunctatus, akaufuata kutoka Amerika. Chipukizi la mgomba ulilopewa na jirani nalo limenywe tunguu kabla ya kupandwa. Likionekana na vijia vyeusi, litupwe mbali na bustani.