Kupima hewa na maji baada ya maafa (3): Mto hupimwa ungali mzima

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia vifaa: pampu inayovuta hewa kupitia kichujio, kipima tindikali, na mashine za maabara zinazoweza kuona risasi au aseniki majini hata ikiwa ni mikrogramu chache tu kwa lita. Sitavirudia. Leo nilikusudia kwenda Zambia moja kwa moja, kwa sababu habari za Mto Kafue hazijaisha na wasomaji wananiuliza wamwamini nani.

Mkasa wenyewe mnaujua. Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la topesumu la kampuni ya Sino-Metals Leach, huko Chambishi kwenye ukanda wa shaba, ulibomoka. Maji ya tindikali yakateremka na kijito cha Mwambashi hadi Kafue. Awali zilitajwa lita milioni 50. Samaki waliokufa walionekana umbali wa kilometa 100 hivi kutoka hapo, na mji wa Kitwe, wenye watu wapatao 700,000, ukakatiwa maji ya bomba. Baadaye kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa imeajiriwa kutathmini madhara, kisha mkataba wake ukavunjwa, ikasema kilichomwagika ni tani milioni 1.5. Agosti Ubalozi wa Marekani ukawaondoa watumishi wake eneo hilo, serikali ya Zambia ikajibu kwamba hakuna sababu ya taharuki.

Kabla ya kuuliza nani mkweli, mimi nauliza swali la kizamani zaidi: Kafue ulikuwaje tarehe 17 Februari? Mwenye duka asiyehesabu mali yake jioni hawezi kukwambia asubuhi mwizi kachukua nini. Hapo ndipo ninapomkumbuka mwanamke mmoja ambaye, lau ningekuwa na uwezo, picha yake ingetundikwa katika kila maabara ya shule nchini.

Ellen Swallow alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1842. Taasisi ya Teknolojia ya jimbo hilo ilimpokea bila ada, naye akadhani amehurumiwa kwa umaskini wake. Kumbe hakutozwa ili wakubwa wakiulizwa waweze kusema hawana mwanafunzi mwanamke. Akasoma hivyo hivyo. Aliweka sindano na uzi karibu yake, profesa akihitaji kushonewa kitu ashonewe, mradi asifukuzwe maabara. Mwaka 1873 akahitimu, wa kwanza miongoni mwa wanawake pale. Baadaye aliolewa na Profesa Robert Richards, mtaalamu wa madini, na jina la Richards ndilo analojulikana nalo.

Mwaka 1887 Bodi ya Afya ya jimbo iliamua kuchunguza maji ya Massachusetts yote: mito, maziwa, visima. Msimamizi alikuwa Profesa Thomas Drown, lakini aliyeinama mezani ni Ellen. Chupa zikamiminika kutoka kila wilaya, maelfu kwa maelfu. Alichokipima kwa bidii ya pekee ni kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi ambayo haiozi, haitoweki, wala hailiwi na vijidudu. Njia ya enzi hizo bado tunafundisha. Unatia matone machache ya kromati, maji yanakuwa ya manjano. Unadondosha nitrati ya fedha tone kwa tone huku ukitikisa chupa, unaona weupe kama maziwa yaliyoganda, na ghafla tone moja linageuza maji yote kuwa na wekundu wa tofali. Hapo unasimama, unasoma umetumia kiasi gani. Mwanafunzi mwenye papara hupitiliza, na aliyepitiliza hana budi kuanza upya.

Bibi huyu akagundua kwamba maji yasiyoguswa na binadamu yana mpangilio. Karibu na bahari kloridi ni nyingi, maana upepo hupeperusha chumvi nchi kavu, na kadiri unavyokwenda bara ndivyo inavyopungua. Akachora ramani yenye mistari inayounganisha mahali penye kiwango sawa. Kuanzia hapo, kisima kilichozidisha mstari wake kilikuwa kimejishtaki chenyewe: chumvi ya ziada imetoka kwenye mkojo na maji machafu ya watu. Hakuhitaji kusubiri mtoto aharishe ndipo aanze kutafuta. (Wakazi wa pwani yetu wenye visima vya chumvichumvi wataona mara moja kwa nini ramani ya namna hiyo lazima ianzie baharini.)

Tuje kwenye hewa, nayo ni hivyo hivyo. Asubuhi ya tarehe 28 Aprili 1986, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Forsmark, Uswidi, alipita kwenye kipima mionzi, kengele ikalia. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la mionzi ambalo halikutoka kituoni mwao. Lilitoka Chernobyl, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka pale. Moscow ilikuwa kimya na ilitangaza jioni ile tu. Waswidi hawakuwa na uganga wowote. Walikuwa wanapima kila siku, hata siku ambazo hakuna kitu, ndiyo maana siku yenye kitu iliwapigia kelele.

Sisi je? Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Watu wakacheka mpaka wakachoka. Sasa nisikilizeni: katika kemia jambo hilo si kichekesho. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wameacha vipimo ndani ya mto huohuo, upande wa Kenya, walichapisha ushahidi kwamba mafuriko yakisomba kinyesi cha viboko kutoka kwenye madimbwi yao, oksijeni hushuka na samaki hufa. Lakini mwanakijiji wa Butiama au Tarime angejuaje? Hakuwa na daftari la kulinganisha. Aliletewa jibu lililopikwa tayari, naye akalitema. Tu wepesi wa kuunda kamati, wazito wa kutunza daftari, kisha tunashangaa wananchi wakiamini uvumi kuliko maabara.

Ndiyo maana nimekuwa nikipiga kelele miaka yote hii kwamba kila sekondari iliyo jirani na mto ikabidhiwe kipima pH, kipima uwezo wa maji kupitisha umeme na kipimajoto, na namba za kila wiki ziandikwe ubaoni nje ya ofisi ya kijiji. Kidato cha tatu wanaweza. Ingieni majini kwa utulivu, mkiuelekea mkondo ili tope la miguu yenu lipite nyuma, suuzeni chupa mara tatu kwa maji ya mto huo, izamisheni chini ya uso wa maji, andikeni saa papo hapo. Chupa ya kupimia vijidudu tu ndiyo isisuuzwe, nayo iende maabara kwenye barafu. Metali nzito tuwaachie wakubwa.

Naona nafasi inaniishia na Kafue bado unaningoja. Nitasema moja. Baada ya ajali, boti na ndege zilimwaga chokaa mtoni kuua makali ya tindikali. Chokaa hufanya kazi: pH hupanda, na kila ngazi moja ya pH ni tofauti ya mara kumi. Lakini shaba na metali nyingine zilizokuwa zimeyeyuka hugeuka chembe na kutua chini. Kwa hiyo anayechota maji ya juu anaweza kukuta namba za kuridhisha, na anayechota tope pahala palepale akakuta za kutisha, na wote wawili wasiwe waongo. Tena mto ule umekuwa ukipokea uchafu wa migodi kwa miongo mingi, hivyo hata tope la kabla ya Februari halikuwa safi. Ukisoma ripoti yoyote ya Kafue, tafuta kwanza wamepima nini: maji yaliyochujwa, maji yasiyochujwa, au tope. Ikiwa haikusema, iweke kando. Jinsi tope linavyochotwa bila kulitibua, na jinsi tabaka zake zinavyosomwa mwaka kwa mwaka, ni habari ya sehemu ya nne.