Kinasa Sauti na Malezi ya Msomaji wa Qur'ani

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu Waislamu, Suratul Muzzammil, katika aya ya 4, inaamrisha Qur'ani isomwe kwa tartili. Naye Mtume (S.A.W.) alimsifu Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) kwa uzuri wa sauti, akaifananisha na zumari za jamaa wa Daudi (A.S.). Kuipamba sauti, basi, kuna asili katika dini yetu. Swali letu leo ni moja: vijana wetu wanajifunza pambo hilo kwa njia gani?

Wengi hujifunza kwa kunakili. Kijana huchukua kisomo cha Sheikh Abdul Basit Abdul Samad (1927–1988), akakikariri pumzi kwa pumzi. Mbele za watu husifiwa. Lakini mpe aya ambayo hakuisikia kwa sheikh huyo, sauti humkauka. Amehifadhi mahadhi ya mtu, hakujifunza kusoma.

Kisomo cha mujawwad, kama walivyokilea wasomaji wa Misri, hakina mahadhi yaliyotungwa kabla. Msomaji huyabuni papo hapo, akifuata maana ya aya, ndani ya maqamu kama Bayati, Rast, Hijaz na Saba. Hoja yao ni nzito: maneno yameteremshwa, mahadhi ni ya mwanadamu, yakifungwa yakawa mamoja, watu watayadhania kuwa ni sehemu ya wahyi. Maulamaa wamekhitalifiana kuhusu kujifunza maqamu, na wanaoruhusu wameshurutisha kwamba hukumu za tajwidi zisivunjwe.

Chombo kilichowafanya vijana kuwa kasuku chaweza pia kuwa dawa yao. Mwalimu mwenye kompyuta na programu ya bure kama Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, na afanye hivi. Kwanza, achukue kisomo cha Sheikh Mustafa Ismail (1905–1978), atafute mahali aliporudia aya moja mara mbili au tatu, kisha azikate aya hizo na kuzipanga zifuatane. Mwanafunzi atasikia kwa masikio yake kwamba maneno ni yale yale, na mahadhi yamebadilika.

Pili, mwanafunzi arekodiwe akisoma aya hiyo kwa murattal, bila pambo, hadi tajwidi itengemae. Kisha aisome mara tatu katika maqamu moja, kwa sharti kwamba mahadhi yasifanane.

Tatu, visomo hivyo vipimwe. Programu huonyesha sauti kama mawimbi yenye kipimo cha sekunde. Mada ya asili ni harakati 2, na mada ya lazima ni harakati 6; kwa hiyo, ikiwa kijana huvuta mada ya asili kwa sekunde 0.8, mada yake ya lazima itarajiwe kukaribia sekunde 2.4. Ikifika 4, mahadhi yameitawala tajwidi, naye ataliona kosa lake bila kubishana na mwalimu.

Hata hivyo, mkasi huu una adabu zake. Aya isikatwe mahali panapoharibu maana. Aya ya 43 ya Suratun Nisaa ikikatwa baada ya katazo la kuikaribia swala, kabla ya kutajwa ulevi, maana hupinduka kabisa. Wala mwanafunzi asiunganishiwe pumzi mbili zionekane moja, wala asiongezewe mwangwi wala kunyooshewa sauti kwa mashine. Aliyefundishwa hivyo atafedheheka siku atakayosimama msikitini bila kompyuta, na wasikilizaji watakuwa wamedanganywa kwa Kitabu cha Allah.

Tena, mashine hupima urefu, haipimi makhraj. Haiwezi kumwambia mtoto kwamba dhadi yake imekuwa zai. Qur'ani imetufikia kwa kupokelewa kinywa kwa kinywa, na mnyororo huo hauna badala. Kinasa sauti na kiwe msaidizi wa sheikh, kisikae juu ya mkeka wake.

Tunawausia walimu wa madrasa: mtoto anayeigiza sauti ya mwingine msimtangulize kwenye mashindano kabla hajaijua yake mwenyewe. Allah amempa kila mja koo lake, na kila mja ataulizwa juu ya amana aliyopewa.

Wabillahi tawfiq.