Ukoma Ndani ya Kinywa: Kidonda Kisichouma

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye pua yake imeziba kwa miezi mingi, na sasa chai anayokunywa humtokea puani. Huenda akaenda kwa daktari wa meno pale Posta, akiamini kwamba ana jino bovu. Daktari akitazama meno pekee, hataliona tundu lililo kwenye kaakaa.

Bakteria wa ukoma hustawi mahali palipo na ubaridi kuliko ndani ya mwili, ndiyo maana hupendelea ngozi, ndewe za masikio na pua. Kinywa kina joto. Lakini pua ikiziba, mgonjwa hupumua kwa mdomo, na hewa hiyo hupoza kaakaa gumu, ufizi wa mbele wa juu na ulimi. Hapo ndipo vinundu huota, hasa kwa mgonjwa mwenye bakteria wengi aliyechelewa kutibiwa. Juu ya ulimi huonekana vinundu na mipasuko. Kwenye kaakaa vinundu huchimbika vikawa vidonda, mfupa ukatoboka, na sauti ikawa ya puani. Mfupa unaoshikilia meno ya mbele ya juu nao huliwa, meno yakalegea.

Yote haya yaweza kutokea bila maumivu, na huo ndio mtego wenyewe. Mishipa ya fahamu ya uso ikiathirika, midomo hulegea au kufa ganzi, na mgonjwa huungua kwa uji bila kujua. Vidole vilivyopinda navyo hushindwa kushika mswaki. Kuzungushia mpini wake kitambaa kinene husaidia kuliko mawaidha mengi ya usafi.

Si kila tundu la kaakaa ni ukoma: kaswende, kifua kikuu na saratani hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo mhudumu atafute mabaka yenye ganzi kwenye ngozi, apapase mishipa ya fahamu, na kuagiza kipimo cha majimaji ya ngozi.

Dawa mseto, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini, hutolewa bure nchini kwa miezi 6 au 12. Mgonjwa aliyekwisha kuzianza huacha kuambukiza mapema; kumtengea kikombe nyumbani hakuna msingi. Tundu lenyewe, hata hivyo, halizibwi na vidonge. Linahitaji upasuaji, au kizibo cha plastiki ambacho fundi wa meno ya bandia aweza kukitengeneza.